Martin Johnson: Mpigapicha wa Filamu Bubu Aliyefika Jirani Yetu

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoulizwa ataje maneno ya lugha hii yaliyoenea duniani, kwa kawaida hutaja mawili: safari na simba. Ni jibu sahihi. Lakini mara chache tunajiuliza maneno hayo yalibebwa na nani, na kwa njia gani. Katika makala haya tunamzungumzia mtu mmoja kati ya waliochangia sana kazi hiyo, ingawa hakuwa mwanaisimu wala mwalimu. Ni Martin Johnson, Mmarekani aliyeongoza filamu, akapiga picha zake mwenyewe na kuonekana ndani yake. Tumemchagua pia kwa sababu ya jiografia. Filamu yake mojawapo ilipigwa ng'ambo ya mpaka wetu wa Mpondwe, katika misitu na milima ya Kongo, na baadhi ya watu wa milima hiyo husema lugha moja na wazazi wa wanafunzi wetu wa Bwera.

Johnson alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1884 katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, akakulia Independence, Kansas, ambako baba yake aliuza vito na saa. Mwaka 1906 alisikia kwamba mwandishi Jack London anatafuta watu wa kusafiri naye baharini katika jahazi lake, Snark. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya mpishi. Johnson hakujua kupika, lakini aliomba, akapata, na upishi akajifunza baadaye. Safari hiyo ilikatika kwa sababu ya maradhi ya London. Johnson akarudi Kansas na picha za visiwa vya Pasifiki, akafungua ukumbi wa maonyesho na kuupa jina la jahazi lile.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Sinema za wakati ule tunaziita bubu, lakini ukumbi wenyewe haukuwa kimya. Palikuwa na muziki, na mara nyingi palikuwa na mtu aliyesimama kando ya pazia akieleza. Johnson alikuwa mtu wa aina hiyo. Picha zilipita, naye akazisemea. Msomaji aliyekulia Uganda hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Kibanda cha video chenye mfasiri anayekaa na kipaza sauti, anayetafsiri, anayetania na kuongeza chumvi pale mchezo unapopoa, ni ndugu wa mbali wa ukumbi ule wa Kansas. Ipo tofauti moja kubwa: mfasiri wa kibandani anawaambia watu wake habari za wageni, ilhali Johnson aliwaambia watu wake habari za watu ambao hawakuwapo ukumbini kumsahihisha.

Mwaka 1910 alimwoa Osa Leighty wa mji wa Chanute, Kansas, binti wa miaka 16. Kazi yote iliyofuata ni ya wawili. Martin alizungusha mkono wa kamera. Osa alisimama kando na bunduki, na alipohitajika mchezaji mbele ya kamera, yeye ndiye aliyekuwa mchezaji mkuu. Walianza na visiwa vya Pasifiki, wakatoa filamu mwaka 1918 juu ya watu waliowaita walaji wa watu. Ilivutia watazamaji, na kwa maoni yetu iliwafundisha wenye filamu somo baya, yaani kwamba tiketi hununuliwa kwa hofu.

Waliingia Kenya mara ya kwanza mwaka 1921. Walishawishiwa na Carl Akeley, mtaalamu wa Makumbusho ya Historia Asilia ya New York, aliyekuwa amebuni kamera iliyofaa kuwafuata wanyama wanaokimbia. Filamu yao ya kwanza ya Afrika ilitoka mwaka 1923. Kisha, kuanzia mwaka 1924 hadi 1927, walikaa kando ya ziwa dogo juu ya mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambalo wao waliliita Ziwa la Peponi. Walijenga nyumba, bustani na chumba cha giza cha kusafishia filamu. Fedha zilitoka kwa wenye mali wa Marekani, akiwamo George Eastman wa kampuni ya Kodak, aliyekuja mwenyewe mwaka 1926 kutazama jinsi fedha zake zinavyotumika.

Matunda ya kazi hiyo ni filamu bubu ya mwaka 1928 iliyoitwa Simba. Neno la Kiswahili likawekwa kwenye milango ya majumba ya sinema ya Marekani, na watu waliokuwa hawajawahi kusikia sentensi moja ya lugha yetu wakalitamka. Jambo hili lisitufurahishe upesi. Lilibebwa neno moja tu, na sentensi zote zikaachwa nyuma. Wapagazi, madereva, wapishi na wapelelezi wa nyayo walioishi na akina Johnson walizungumza Kiswahili cha safari, lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali kambini. Katika filamu midomo yao inacheza, lakini maneno yanayotokea kwenye pazia ni ya Kiingereza, tena yametungwa Marekani, mara nyingi kwa mzaha. Hata majina yao hayakusalimika. Wapiganaji wanaomzingira simba kwa mikuki wanaitwa Lumbwa, jina ambalo Wakipsigis hawalitumii kujiita.

Mtu anaweza kusema kwamba kosa lilikuwa la mashine. Kwamba kama kungekuwa na sauti, wangesikika. Basi tuangalie kilichotokea sauti ilipokuja.

Kati ya mwaka 1929 na 1931 akina Johnson walirudi, safari hii wakiwa na mitambo ya kunasa sauti, wakaingia Kongo ya Wabelgiji. Walipiga picha za Wambuti katika msitu wa Ituri, kisha wakapanda milima ya Alimbongo, magharibi ya Ziwa Edward katika eneo la Lubero, kutafuta gorila. Anayesimama Katwe huona ziwa hilo hilo kutoka upande wetu. Lubero ni nchi ya Wanande, na Wanande na Bakonzo ni watu wamoja, Bayira, waliotenganishwa na mpaka wa kikoloni; Kinande na Lukonzo husikilizana.

Filamu iliyotokana na safari hiyo, Congorilla, ilitoka mwaka 1932 na kutangazwa kuwa ya kwanza yenye sauti kupigwa yote Afrika. Nyimbo za Wambuti zinasikika kweli, na kwa mtafiti wa muziki ni hazina. Lakini anayeeleza ni Johnson yule yule wa ukumbi wa Kansas. Mbuti mmoja anapewa sigara kubwa ili watazamaji wacheke anavyohangaika nayo. Santuri ya jazi inapigwa na Osa anacheza nao. Sauti imeingia, lakini watu hawajapewa kusema. Ndiyo sababu hatukubaliani na wanaosifu filamu hiyo kwa ufundi wake pekee.

Kutoka Alimbongo walichukua gorila wawili wachanga, na mwezi Oktoba 1931 wanyama hao wakafika bustani ya wanyama ya San Diego, California. Waliishi humo kwa majina ya Mbongo na Ngagi. Jina la pili lina asili inayojulikana: ingagi ni gorila kwa Kinyarwanda, na wenzetu wa Kivu husema ngagi katika Kiswahili chao. Kamusi zetu hazijatulia katika jambo hili. Wapo wanaosema sokwe kwa maana ya gorila, wapo wanaosema sokwe mtu, na wengine huandika gorila tu. Mkanganyiko huo ni wa zamani: Livingstone alipokuwa Manyema miaka ya 1870 na 1871 aliandika juu ya mnyama aliyeitwa soko, na wasomi wakabishana kama ni gorila au ni yule mdogo wake. Huenda Waswahili wa Kivu, wanaoishi karibu na mnyama mwenyewe, wana la kutufundisha.

Mbongo alikufa mwaka 1942 akiwa na uzito wa karibu kilo 280. Ngagi alimfuata mwaka 1944.

Johnson mwenyewe hakuishi kuwaona wakizeeka. Mwaka 1933 na 1934 alizunguka Afrika Mashariki kwa ndege mbili zinazotua majini, moja ikiwa imepakwa milia ya punda milia na nyingine madoa ya twiga, akatoa filamu ya Baboona mwaka 1935. Jina hilo limetengenezwa lisikike kama la Kiafrika. Kwa Kiswahili mnyama huyo ni nyani. Tarehe 12 Januari 1937, yeye na Osa wakiwa katika ziara ya mihadhara, ndege ya abiria waliyopanda ilianguka milimani karibu na Los Angeles. Martin alifariki kesho yake. Osa aliumia lakini akapona, akaandika kitabu cha maisha yao kilichouzwa sana mwaka 1940, naye akafariki mwaka 1953. Chanute, mji wake, una makumbusho yao, na jina la makumbusho hayo lina neno safari.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi moja. Chukueni sehemu ya filamu bubu ya aina hii, ziba maandishi ya Kiingereza, na kila mwanafunzi awatungie wapagazi mazungumzo yao. Wa Kasese mjini ataandika Kiswahili cha vitabuni. Wa Bwera, aliyezoea soko la Mpondwe, ataleta maneno ya Kongo ambayo hatuyasahihishi haraka, kwa kuwa pale Alimbongo mwaka 1930 huenda ndiyo yaliyokuwa yakisemwa.