Vesak

Vesak ni sikukuu kuu ya Wabuddha. Katika madhehebu ya Theravada huadhimishwa mwezi ukiwa mpevu, aghalabu Mei, kwa kukumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata kwake nuru na kufa kwake. Umoja wa Mataifa uliitambua rasmi mwaka 1999. Nchini Kenya na Uganda si siku ya mapumziko, hivyo katika maeneo ya Khunyangu, Busia na Malaba, karibu na mpaka wa nchi hizo, kazi huendelea kama kawaida.

Hekalu la Theravada lililo maarufu zaidi upande wa Uganda ni Kituo cha Kibuddha cha Uganda, Garuga, karibu na Entebbe. Msafiri kutoka Kenya huvuka mpaka Busia na kupitia Kampala. Kituo kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na watawa wa Thailand alipokuwa mwanafunzi India, akatawazwa mtawa Marekani mwaka 2002. Kabla yake, nchini Tanzania, Wasinhala kutoka Sri Lanka walikwisha kujenga hekalu Dar es Salaam mapema katika karne ya 20. Hata hivyo, kazi ya Buddharakkhita ina uzito wa pekee kwa sababu mafundisho yanatolewa na mzaliwa wa Afrika Mashariki.

Kiini cha siku ya Vesak ni kanuni nane. Muumini huahidi kutoua, kutoiba, kujiepusha na ngono, kutosema uongo na kutotumia vileo. Tena asile baada ya adhuhuri, aache ngoma, mapambo na manukato, wala asilale kitanda cha fahari. Mfungo huu hauendi kama ule wa Ramadhani: chakula huliwa asubuhi, kisha hakuna mlo hadi alfajiri. Anayeshindwa zote nane hushika tano za kila siku.

Hekaluni watu huvua viatu, husujudu mara tatu mbele ya sanamu, huweka maua, mishumaa na udi, kisha hukariri kwa Kipali maneno ya kumkimbilia Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa. Maua hunyauka, na muumini hukumbushwa kwamba mwili nao hupita. Watawa hupewa chakula, hotuba hutolewa, halafu watu huketi kimya kutafakari, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ibada yenyewe.

Mgeni wa dini yoyote anayetaka kushuhudia avae nguo za kusitiri mabega na magoti. Akibeba sadaka ya chakula, aifikishe kabla ya adhuhuri.