Poda katika Nchi ya Siagi

Zamani za wafalme, kabla bendera ya Wadachi, yaani Wajerumani, haijapandishwa ufuoni mwa ziwa mwaka 1890, uso mweupe wa mwanamke katika nchi ambayo leo twaiita wilaya za Bukoba na Muleba haukuwa kitu cha kununuliwa dukani wala cha kubebwa mkobani, bali ulikuwa tunda la maisha ya nyumba nzima, kwa kuwa aliyeupata aliupata kwa kivuli, kwa chakula na kwa siagi, na vitu vyote hivyo vitatu vilitaka watu wengine wafanye kazi ili yeye asifanye. Omugole, yaani bibi harusi, alipopelekwa kwa mumewe aliwekwa ndani ya msonge, nyumba ile ya nyasi iliyofunikwa kuanzia kileleni mpaka chini, ambamo jua haliingii ila kwa mlango, naye kwa muda wa kukaa kwake huko hakushika jembe wala mtungi, akalishwa vizuri na kupakwa siagi ya ng'ombe mwili mzima, hata siku alipotoka mbele ya watu ngozi yake ilikuwa imetakata na inang'aa. Wala weupe ninaousema hapa si ule wa Mzungu. Ni rangi ya Mhaya, mwenyeji wa nchi hiyo, aliyekaa mbali na jua, yenye manjano na wekundu ndani yake, ambayo wenyeji na wageni wameisifu tangu zamani, pengine kupita kiasi.

Mambo haya hayakuwa ya upande wa ziwani tu. Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 na kukaribishwa na mfalme Rumanika, alistaajabu kuwaona wanawake wa jamaa ya mfalme wamenenepeshwa kwa maziwa hata kusimama kukawa taabu, na udadisi wake ukamfikisha mahali pa kumpima mmoja wao mzunguko wa mikono na mapaja, akaandika vipimo hivyo kitabuni. Aliona unene, akauhesabu. Alichokosa kukihesabu ni idadi ya ng'ombe waliokamwa, na ya watumishi waliolima na kuchota maji, ili mwanamke mmoja apate kukaa kitako. Maana katika nchi hizo haiba ya mke ilikuwa daftari la mali ya mumewe, lililowekwa wazi asome kila mpita njia. Mke wa mtu wa kawaida, ambaye aliinama juani kulima mazao ya msimu katika rweya, yale majani yaliyo nje ya migomba, alionja raha ile siku za uarusi wake, kisha akarudi kwenye jembe, na jua likamrudishia rangi aliyokuwa nayo.

Siagi ilipungua kwa msiba. Sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoteremka kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika, yalipiga nchi za maziwa makuu mnamo miaka ya 1890 na 1891, yakafagia mazizi, na ilikuwa katika miezi hiyo hiyo, mwezi wa Novemba 1890, ndipo Emin Pasha alipoasisi boma la Bukoba kwa niaba ya serikali ya Ujerumani. Nyumba zilizokuwa na maziwa ya kumwaga zikawa hazina, na nyuma ya boma wakafuata wenye maduka. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zilipoanza safari za ziwani miaka michache baadaye, Bukoba, ingawa ilikuwa mali ya Wadachi, ikawa inapata bidhaa zake kwa njia ya Mombasa na Kisumu. Wahindi wakafungua maduka, lubugo la gome la mti likaanza kusogea mbele ya nguo za pamba, na wakati Waingereza walipouvamia mji mwaka 1915, wanawake wa Kihaya walikwisha kuzoea kuvitazama vitu vya rafuni kwa jicho la mnunuzi. Kilichokosekana kilikuwa fedha, nayo ililetwa na kahawa ya miaka ya 1920, bei ilipopanda na mabati yakaonekana juu ya nyumba hata katika vijiji vya Ihangiro na Kyanja, nchi ambazo sehemu zake leo zimo Muleba.

Poda ya uso ya siku hizo ilikuwa unga wa jiwe la ulanga, ambao huteleza vidoleni, uliochanganywa na wanga au udongo mweupe na oksidi ya zinki, ikatiwa marashi na rangi kidogo ya waridi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashavu ya wanawake wa Ulaya, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa mng'aro. Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu yote, na wengi walioandika juu ya vipodozi wamepita pembeni yake: katika nchi ya siagi mng'aro ndio uliokuwa uzuri, uso mkavu ukiwa dalili ya njaa, ugonjwa au msiba, ilhali poda ilikuja na hukumu iliyo kinyume, kwamba uso wa kistaarabu haung'ai. Kulikubali kopo lile kulikuwa kugeuza kipimo cha uzuri juu chini, kwa hiyo si ajabu kwamba wazee waliowaona wajukuu zao wamejipaka waliwaona wamejipaka majivu.

Tena kwa upande mmoja walisema kweli tupu. Oksidi ya zinki, na baadaye oksidi ya titani, huitawanya nuru inayoupiga uso, na juu ya ngozi yenye manjano na wekundu weupe huo hugeuka kijivu. Na kama chini yake pana mafuta, unga hushikamana penye mikunjo ya pua na midomo, ukaacha mabaka. Mwanamke wa Kihaya mwenye rangi nyepesi alidanganyika kuliko mwenzake mweusi, kwa kuwa huyu wa pili alijua mara moja kwamba kopo si lake, lakini yeye alilitazama akadhani linamfaa, kumbe lilikosa zile rangi za kutu ya chuma, manjano, nyekundu na kahawia, ambazo ndizo zinazoifanya poda ifanane na mtu. Huko Marekani, Anthony Overton, mtu mweusi aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1898 na kuihamishia Chicago mwaka 1911, alikwisha kutambua kasoro hiyo akauza poda ya wanawake wa rangi ya kahawia kwa jina la High-Brown, na biashara yake ikastawi. Lakini mkondo wa bidhaa za ziwani ulitoka Uingereza na India.

Watu wa pwani hawakuingia katika mtego huo kwa urahisi, maana walikuwa na liwa, mti wa harufu unaosagwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi na kupakwa usoni, na walikuwa na dalia, unga wa manjano ambao rangi yake inaelewana na ngozi za huku kwetu. Bara hatukuwa na unga, tulikuwa na mafuta. Na anayetoka kwenye mafuta kwenda kwenye unga huenda mbali kuliko anayetoka kwenye unga kwenda kwenye unga mwingine.

Je, kwa nini basi poda ilipendwa? Nadhani ni kwa sababu ilinunuliwa na mkono mmoja. Siagi ilitaka mume, ng'ombe, mama mkwe na watumishi. Kopo lilitaka shilingi tu. Katika miaka ya 1930 wanawake wa Kihaya wasiokuwa wachache walipanda meli wakaenda Kampala na Nairobi, ambako waliitwa Waziba wote, hata wasiotoka katika ufalme wa Kiziba, wakaishi Pumwani huko Nairobi na mitaa mingine kwa biashara ya miili yao, ambayo wanachuoni wameieleza kwa urefu nami sina haja ya kuirudia. La kutajwa ni kwamba wengi walirudi na fedha wakanunua vibanja vya migomba na kahawa kwa majina yao wenyewe, jambo lililowakera wakuu wa nchi kuliko dhambi yenyewe, hata pakafanywa juhudi ya kuwazuia wanawake wasisafiri bila idhini. Poda iliyorudi pamoja nao ikawa alama ya mwanamke asiyemwomba mtu. Uamsho wa Walokole ulipoingia kutoka Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka hiyo, ukahimiza toba na kuacha mapambo, uso mtupu ukapata heshima mpya ya kidini. Lakini hata huo haukuwa uso wa siagi wa bibi zao.

Baada ya uhuru ugomvi ulihamia mikononi mwa siasa. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kujichubua, marufuku ianze siku ya kwanza ya Januari 1969, na katika kelele zilizofuata watu walisahau kutofautisha poda, ambayo huoshwa jioni, na krimu yenye zebaki au haidrokwinoni, ambayo huila ngozi yenyewe. Kisha vikaja vita na Uganda vya mwaka 1978 na 1979, na maduka matupu yaliyofuata. Mkoa uliokuwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera, na katika mkoa huo wenye jina jipya hata sabuni ikawa bidhaa ya kuulizwa kwa kunong'ona. Kahawa ilivuka mpaka kwenda Uganda kwa magendo na vitu vya dukani vikarudi kwa njia hiyo hiyo, mpaka msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Nani katika siku hizo angechagua rangi ya poda? Iliyopatikana ndiyo iliyopakwa.

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 vilikuja vyote kwa pamoja, vilivyo vyema na vilivyo sumu, na mkorogo, yaani krimu zilizochanganywa kienyeji, ukashika soko kwa ahadi ile ile ya omugole: weupe unaotoka ndani, sio wa kupaka juu. Ahadi hiyo ni ya uongo, kwa kuwa omugole alikaa kivulini ngozi yake ikapumzika, ilhali mwenye mkorogo huivua ngozi yake kisha akatoka nayo juani. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka vipodozi chini ya mamlaka maalumu, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko kwa Shirika la Viwango. Makopo yaliyokatazwa hayajaisha sokoni. Upande wa poda njia imekuwa nyepesi. Iman, mzaliwa wa Mogadishu, ambaye alipokuwa mwanamitindo huko New York ilimbidi achanganye rangi zake mwenyewe, alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994, na tangu hapo makampuni makubwa yamejifunza kutengeneza rangi nyingi. Wapambaji wa maharusi wa Bukoba na Kamachumu nao hujaribu poda penye taya, si juu ya kiganja, na hutoka mlangoni kwenye nuru ya mchana kabla ya kutoa hukumu. Rangi moja isipotosha huchanganya mbili, wakielekea upande wa manjano.

Wamo katika mkoa huu wenye weupe usiokuwa wa kivuli wala wa kopo, nao ni watu wenye ualbino, ambao sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu 16,477 katika Tanzania, na baadhi ya watoto wao husoma katika shule ya Mugeza Mseto, mjini Bukoba. Kwao jua si adui wa uzuri bali ni adui wa uhai, kwa sababu ya saratani ya ngozi, na poda iliyotengenezwa kwa rangi ya Mzungu, ambayo yaweza kufanana nao kuliko ilivyofanana na mtu mwingine yeyote katika Buhaya yote, haitoshi kuwakinga, ingawa oksidi ya zinki, ile ile iliyowafanya bibi zetu waonekane wamejipaka majivu, huuzuia mwali wa jua ikitiwa katika mafuta kwa kiasi cha kutosha. Losheni ya kinga ya jua, iitwayo Kilisun, hutengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino, nao hupewa bila malipo katika kliniki za ngozi, pamoja na mafunzo ya kuvaa kofia pana na mikono mirefu.