Ada, Tuzo na Wakfu: Jinsi Miji ya Pwani Ilivyovilea Vyama Vyake

Msomaji wa leo akikutana na neno chama, fikira zake huelekea kwanza kwenye siasa. Lakini TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ililikuta neno hilo lina wapangaji wa zamani: vyama vya ngoma, vyama vya kuzikana, vyama vya maulidi, vyama vya taarabu, na baadaye vyama vya mpira. Hizo zilikuwa jumuiya za watu waliojikusanya kwa hiari yao, wasiotafuta faida ya kugawana, wala wasioamriwa na serikali. Habari zake zimeandikwa si haba. Aghalabu, hata hivyo, waandishi wamevitazama vyama hivyo vikiwa barabarani, vimevaa sare na kupiga matarumbeta, na wakatafuta humo dalili za siasa iliyokuwa ikija. Swali lililo dogo kuliko hayo halikupewa nafasi ya kutosha, nalo ni hili: nani alilipa? Maana chama kisicho na duka wala kodi huishi kwa kile ambacho mji uko radhi kukipa, na namna ya kutoa huamua umri wa chama pamoja na tabia yake.

Lugha yenyewe ni shahidi wa kwanza. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kutoa kwa pamoja, na kila moja lina mpaka wake. Watu wakila bia, kila mmoja hutoa fungu lake kwa wakati mmoja na chakula huliwa pamoja; wakila kikoa, chakula hutolewa kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Upatu ulikuwa sahani ya shaba, na jina la chombo likahamia kwenye mchezo wa kuweka fedha na kupokea kwa zamu, mchezo ambao hasa wanawake wameutunza mpaka leo. Ubani ulikuwa uvumba wa kufukizia; kisha ukawa fedha anazopewa mfiwa. Ada ni haki ya desturi isiyojadiliwa bei. Tuzo ni kile anachopewa mwimbaji au mchezaji mbele ya macho ya watu, na haliwi tuzo likitolewa gizani. Changa ni kitenzi chenye kuyabeba karibu yote hayo. Katika mengi ya maneno haya mtoaji na mpokeaji wamo katika duara moja, na anayetoa leo anajua kwamba siku yake itafika. Wakfu peke yake ni mlango wa namna nyingine, nao utajadiliwa mahali pake.

Namna ya kutoa iliyoonekana zaidi machoni pa wageni ilikuwa karamu. Katika miji ya Mrima, kama Pangani na Bagamoyo, ukubwa wa mtu katika karne ya 19 ulipimwa kwa alichokuwa tayari kukitumia kwa ajili ya wengine: ng'ombe waliochinjwa, mchele uliopikwa, nguo zilizogawiwa. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten mwaka 1903 na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinazieleza ngoma nyingi pamoja na matumizi yake. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1995, alionyesha jinsi mashindano hayo ya karamu yalivyowatia wenye miji katika madeni, na jinsi uchungu wa madeni hayo ulivyochangia vita vya 1888 dhidi ya Wajerumani. Hapa chama kilikuwa na mfadhili, na mfadhili alikuwa na sababu zake. Wafuasi walikula kwake, nao wakamlipa kwa kumsifu na kumtii. Mfadhili akifilisika, ngoma yake nayo ilikuwa mashakani.

Beni ilizaliwa katika hali hiyo, ikaibadili. Ngoma hiyo, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu, ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikashuka pwani, kisha ikapanda bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Huko Tanganyika ilijigawa katika safu mbili zilizojulikana kila mahali, Marini na Arinoti. Marini lilikuwa jina la walioona kwamba wao ni waungwana wa mji, makarani na watoto wa wenyeji. Arinoti iliwapokea zaidi vibarua na wageni kutoka bara. Asili ya jina Arinoti imegombaniwa na wataalamu bila mwafaka, na hapa hapahitaji kuongezwa dhana nyingine. Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha 1975 ndicho kikuu juu ya habari hii, alieleza vyeo vyake vya kuchekesha na vya kutisha kwa pamoja: wafalme, majenerali, maamirali, madaktari.

Vyeo hivyo vilikuwa na kazi. Mwenye cheo kikubwa hakuweza kutoa kidogo. Jina lake lilimtoza. Kwa njia hiyo chama kiligawa mzigo wa mfadhili mmoja katika mabega mengi, na yule karani ambaye asingeweza kamwe kuchinja ng'ombe kumi kama jumbe wa zamani aliweza kutoa ada ya cheo chake. Fedha hizo hazikwisha katika matarumbeta. Mwanachama aliyeugua alitazamwa, aliyekufa alizikwa, na aliyesafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine alipokewa na wenzake wa safu ile ile, akapata pa kulala na wa kumjulisha kazi. Kwa mtu aliyeteremka pasipo ndugu katika mji asioujua, hilo halikuwa jambo dogo. Maafisa wa Kiingereza walioichungua beni mara baada ya vita walishtushwa na mtandao huo zaidi kuliko nyimbo. Waliutafutia njama, na kumbe kilichokuwapo mbele yao kwa sehemu kubwa kilikuwa bima ya watu wasiokuwa na bima.

Beni haikudumu kwa nguvu zake za mwanzo. Wasomi wake walihamia kwenye jumuiya nyingine: chama cha watumishi wa serikali Waafrika alichokianzisha Martin Kayamba huko Tanga mwaka 1922, kisha African Association iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambayo Kleist Sykes alikuwa katibu wake wa kwanza. Mashindano yenyewe pia yaliichosha. Kila safu ilipaswa kuipita nyingine kwa sare na karamu, wala hapakuwa na kikomo cha kutosheka. Wengi wamesema kwamba huo ulikuwa upotevu mtupu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Pasipo mashindano watu wengi wasingetoa kabisa, kwa sababu walitoa ili upande wao usiaibike, na katika kutoa kwa ajili ya fahari waliacha nyuma yao mazoea ya daftari, ya ada na ya kamati, ambayo vyama vilivyofuata viliyakuta tayari. Hata vilabu viwili vya mpira vya Dar es Salaam, Yanga ya 1935 na kile cha 1936 kilichokuja kuitwa Sunderland na ambacho sasa ni Simba, viliurithi mji uliokwisha kuzoea kujigawa pande mbili na kuchangia upande wake.

Mombasa inatoa mfano ulio bora zaidi, nao ni wa wanawake. Vyama vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza kwa kuwasikiliza wanachama wenyewe, viliwaweka pamoja wanawake wa nasaba za kiungwana na wenye asili ya utumwa, ingawa si daima katika vyeo sawa. Navyo vilishindana kwa nguo na vyakula, na waume walilalamika, kwa kuwa fedha nyingi zilitoka katika mifuko yao. Lakini katika miaka ya 1950 miongoni mwa wanawake waliozoea kukusanya ada, kupanga shughuli na kusimamisha viongozi walitoka walioanzisha jumuiya za kudai elimu ya wasichana na haki ya kupiga kura. Strobel aliipa makala yake ya 1976 jina lenye kuonyesha kuhama huko, kutoka lelemama hadi kuyabana mabaraza ya serikali. Jumuiya zenyewe ziligawanyika mara mbili, kana kwamba mji usingeweza kutoa chochote bila kuwa na mshindani wa kumtazama. Waliokuwa wakitoa kanga walianza kutoa ada za shule. Mkono ulikuwa ule ule.

Chama cha kuzikana ni habari nyingine, na kwa kuwa hakina matarumbeta kimesahauliwa na wengi. Katika Dar es Salaam ya kati ya vita viwili, na zaidi baada ya 1945, watu wa kila pande waliunda jumuiya za makabila yao, kama ile ya Wazaramo iliyoanzishwa mwaka 1938. Madai yao ya siasa yalitofautiana, lakini mazishi yalikuwa ya wote. J. A. K. Leslie, aliyeuchungua mji huo mwaka 1956 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliona jinsi mtu wa bara alivyohofu kufia mjini bila wa kumzika. Mazishi ya pwani hayangoji. Sanda, ubao, kaburi, waoshaji, chakula cha waliokaa matanga: vyote hutakiwa kwa siku moja au mbili, wakati ambapo jamaa za marehemu wako mwendo wa siku nyingi. Kwa hiyo wanachama walijifunga kuchanga mara habari ya kifo inapofika. Hapa pana hekima ya mpango inayofaa kuangaliwa na wachunguzi wa vyama: kinachochangwa leo hutumika leo, na sanduku hukaa tupu. Chama kisicho na sanduku lililojaa hakina mweka hazina wa kushukiwa. Vyama vingi vilivyofuatana na beni vilivunjika kwa magomvi ya fedha zilizolala. Vile vya kuzikana vilikuwa na kidogo cha kugombania, na asiyechanga aliadhibiwa kwa hofu ya siku yake mwenyewe.

Upungufu wake nao ni dhahiri. Jumuiya inayoishi kwa mchango wa papo kwa papo haiwezi kujenga madarasa wala kumlipa mwalimu mwaka mzima. Kwa hayo pwani ilikuwa na wakfu. Mtu hufunga nyumba au shamba la minazi kwa ajili ya msikiti, kisima au wanafunzi. Tangu hapo mali hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na mapato yake hutumika kwa jambo lililotajwa chini ya msimamizi, yaani mutawali. Riyadha ya Lamu ni mfano unaojulikana kote. Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija aliyefariki mwaka 1935, alifundisha katika mtaa wa Langoni watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, wakiwamo wenye asili ya utumwa. Wakubwa hao hawakupendezwa. Lakini msikiti ulijengwa, wanafunzi walikuja kutoka mbali, na maulidi yake ya kila mwaka yakawa siku ambazo nyumba za mji hufunguliwa kwa wageni. Peter Lienhardt aliyaandika mazingira ya Riyadha mwaka 1959. Linalofaa kuongezwa ni kwamba chuo hicho kilisimama kwa miguu miwili: mali iliyofungwa isiyoweza kuliwa, na ukarimu wa kila mwaka usioweza kuwekwa akiba.

Serikali za kikoloni ziliweka makamishna wa wakfu Zanzibar na katika pwani ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na mahakama zao zilileta tofauti ambayo wenyeji hawakuwa nayo. Katika kesi ya Bakhshuwen iliyotoka Kenya, hukumu ya Baraza la Mfalme huko London, iliyo katika taarifa za sheria za 1952, ilibatilisha wakfu uliowanufaisha kwanza jamaa na kuwafikia maskini mwisho kabisa. Mbele ya majaji hisani ilikuwa kitu kimoja na ukoo kitu kingine. Kwa mtu wa Mombasa aliyewafungia wajukuu wake nyumba, na baada yao mafakiri, hilo lilikuwa tendo moja la dini.

East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945 kwa msaada wa Aga Khan, ilijaribu kuunganisha mfadhili mkubwa na mchango wa wenyeji: shilingi iliyochangwa na Waislamu Waafrika kwa ajili ya msikiti au shule iliongezewa shilingi ya pili na mfadhili. Mpango huo ulijenga majengo mengi, tena ulimheshimu mtoaji mdogo, maana bila ya shilingi yake ya pili haikuja. Lakini chombo chenyewe kilikuwa kikubwa, chenye makao makuu na uongozi wa kugombaniwa, na mwaka 1968 serikali ya Tanzania ilikipiga marufuku. Mahali pake pakashikwa na BAKWATA. Wanavijiji waliochanga walibaki na misikiti yao, lakini hawakuulizwa habari za chama.

Sheria za kuandikisha jumuiya zimefuatana tangu ile ya Tanganyika ya 1954 hadi ya Tanzania ya 2002 ya mashirika yasiyo ya kiserikali, na Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya vikundi vya jamii. Kila moja hudai katiba, viongozi na hesabu, nayo madai hayo si mabaya. Upatu mwingi umebaki nje ya daftari hizo, na ubani umebaki nje kabisa. Katika matanga ya Dar es Salaam, chini ya turubai, mtu mmoja bado hukaa na kalamu na daftari la shule, akiandika jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, na mwisho husimama akasoma jumla mbele ya wote waliohudhuria. Daftari hilo hukabidhiwa mfiwa, naye hulihifadhi, kwa kuwa ndilo litakalomwambia awapelekee nani, na kiasi gani, zamu yao itakapofika.