Degedege na Picha ya Ubongo

Kutoka Msimbati, penye Ghuba ya Mnazi, hata mlango wa Mto Ruvuma, kama ilivyo kwingi katika pwani ya Tanzania, mtoto mwenye homa akishtuka ghafula, akakaza viungo na kugeuza macho, husemwa kuwa ana degedege. Katika jina hilo mna ndege, na wazee wengi walisadiki kuwa ndege au nondo wa kipepo amempitia mtoto. Ndiyo sababu mara nyingi mganga alitangulia, hospitali ikafuata saa zimekwisha pita.

Udaktari nao ulikuwa na jina lake: malaria ya ubongo. Lakini kupata jina si kupata sababu. Katika nchi za malaria wengi huchukua vijidudu vyake damuni bila ya kuugua. Basi mtoto aliyezimia aweza kuwa navyo, na huku anauawa na maradhi mengine. Huko Blantyre, Malawi, maiti za watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo zilichunguzwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa 7 walikufa kwa sababu nyingine.

Mwaka 2008 Hospitali ya Queen Elizabeth mjini humo ilipata mashine ipigayo picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali na mawimbi ya redio, ufundi ulioasisiwa na Paul Lauterbur na Peter Mansfield katika miaka ya 1970. Terrie Taylor na wenzake waliwapiga picha watoto 168, wakatangaza habari zao mwaka 2015. Katika 25 waliokufa, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba mno tangu walipolazwa. Katika 143 waliopona, walikuwa 39 tu. Ubongo uliovimba hauna nafasi katika fuvu; hukandamiza shina lake, pumzi ikakatika. Lakini kwa wengi wa waliopona, picha zilizorudiwa zilionyesha uvimbe ukipungua. Kwa hiyo, lililo kubwa ni kumvusha mtoto katika saa zile za hatari.

Mashine hiyo ni ya thamani kubwa, yataka umeme usiokatika na mafundi. Haiwezi kuwekwa katika kila zahanati. Elimu yake, hata hivyo, yaweza kufika. Wazee hawakukosea waliposema kuwa degedege huja ghafula na kuchukua roho. Walikosea njia ya kukimbilia. Kwa mzazi wa Msimbati, saa moja iliyookolewa njiani yaweza kuwa ndiyo pumzi ya mwanawe.