Utambuzi wa Homa ya Papasi Afrika ya Mashariki na Kongo: Kutoka Hadubini hadi Kipimo cha Haraka

Historia ya utambuzi wa homa ya papasi huanzishwa kwa kawaida mjini Berlin mwaka 1868, pale Otto Obermeier alipoona kwa hadubini vimelea vilivyojisokota katika damu ya wagonjwa wa homa ya vipindi. Mwanzo huo una kasoro. Homa ya Berlin iliambukizwa na chawa, ilhali huku kwetu mwambukizaji ni papasi, mdudu wa jamii ya kupe aishiye katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, ambaye hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurejea mafichoni kabla aliyelala hajaamka. Kiswahili kilimtenga na kupe wa mifugo kwa kumpa jina lake. Naye David Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alieleza madhara ya kuumwa na mdudu wa aina hiyo. Kwa hiyo mdudu alishukiwa kabla ya kuwapo ushahidi wa maabara.

Ushahidi ulipatikana kwa kasi. Mwaka 1904, nchini Uganda, Philip Ross na Arthur Milne waliihusisha homa ya kupe na vimelea hivyo. Joseph Dutton na John Todd, waliotumwa Kongo kutoka Liverpool, waliambukiza kima kwa kuwaacha waumwe na papasi. Wote wawili waliugua, na Dutton alifariki Kasongo mwezi Februari 1905. Bakteria huyo, Borrelia duttonii, ana jina lake hadi leo. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alivikuta vimelea ndani ya mayai ya papasi, na papasi wenyewe katika vituo vya kupumzikia kwenye njia za misafara. Kwa maoni yangu, jambo hili la pili halijapewa uzito unaostahili, kwani liliingiza katika utambuzi swali ambalo hadubini haiwezi kulijibu: mgonjwa alilala wapi?

Swali hilo lilihitajika kwa sababu hadubini nayo ina mipaka. Vimelea huwa vichache katika damu, na homa inapotulia huweza kutoonekana kabisa. Tone moja lisilo na kitu halitoshi kuuondoa ugonjwa katika orodha ya washukiwa, na dalili zake hazitofautiki kwa urahisi na za malaria.

Hata hivyo, ni malaria iliyousaidia utambuzi huu. Maadamu damu ya mwenye homa ilitazamwa kwa hadubini, mtaalamu makini wa maabara aliweza kukutana na Borrelia bila kuitafuta. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mshukiwa wa malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na vipimo vya haraka vikaenea. Pendekezo lenyewe lilikuwa sahihi: miongoni mwa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008, asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini ni asilimia 1.6 tu waliokuwa nayo. Lakini kipimo cha haraka hutambua protini za vimelea vya malaria pekee. Mjamzito mwenye homa ya papasi, aliye katika hatari ya kuharibikiwa mimba, huambiwa hana malaria. Na antibiotiki ya kawaida ambayo ingemtibu huenda asipewe.

Kwa mwanahistoria, rejesta za vituo vya afya zinapoonyesha ugonjwa huu ukipungua, sababu inaweza kuwa sakafu za saruji, au hadubini iliyoachwa kabatini. Rejesta peke yake haizitenganishi sababu hizo mbili.