Jengo la 30 Juni: nyumba ilibadilisha kazi, haikubadilisha mwenyewe

Kuna swali moja linalorudi kila mara: jengo la Serikali likifungwa katikati ya mji, kiwanja chake kinakuwa cha nani? Aliyeona mabati mapya yakizungushwa kwenye ofisi ya zamani anajua sababu ya kuuliza. Leo tujibu kwa historia ya nyumba ambayo wakaaji wa Lubumbashi wanaifahamu: Jengo la 30 Juni.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville. Wabelgiji waliugawanya: Wazungu katikati, wafanyakazi weusi kando, kwenye mtaa ambao leo ni Kamalondo, na sehemu tupu kati yao. Mwaka 1956, ndani ya mji huo wa Wazungu, lilikuwa limesimama jumba kubwa la michezo ya kuigiza, lililochorwa na Claude Strebelle. Miaka minne baadaye uhuru ulifika, na baadaye jumba likapewa jina la siku ile, tarehe 30 Juni. Nyumba ya starehe ya wachache ikawa mali ya taifa.

Mwaka 2000, vita vikiwa vimeigawanya nchi, Rais Laurent-Désiré Kabila aliweka Lubumbashi Bunge la mpito lenye wabunge 300. Mahali pa kuigiza pakawa mahali pa kutunga sheria. Bunge la taifa liliporudi Kinshasa, nyumba haikuuzwa. Iliwapokea wabunge wa jimbo la Katanga, na baada ya Katanga kugawanywa majimbo manne mwaka 2015, ikabaki na wale wa Haut-Katanga.

Tazameni vizuri: kazi ya nyumba ilibadilika, mwenyewe hakubadilika.

Hayo yanapatana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu mali na ardhi. Sheria hiyo inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Tena inasema kiwanja kilichowekwa kwa kazi ya watu wote hakiwezi kupewa mtu binafsi mpaka kiondolewe kwanza katika kazi hiyo kwa njia halali. Kwa Kifaransa wanaita désaffectation. Mlango kufungwa hautoshi, paa kuvuja hakutoshi, nyasi kuota uani hakutoshi. Inatakiwa hati.

Jambo hili linawagusa kwanza ndugu zetu waliokimbia makwao. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga walilala kwa maelfu kwenye stesheni ya Likasi, wakingoja treni. Stesheni haikujengwa kwa kulala, lakini siku ya taabu ndiyo iliyowapa pa kuweka watoto. Hata leo, mahali pengi nchini, familia zinazokimbia vita zinakimbilia kwanza shule, kanisa au ofisi tupu. Kwa hiyo mtu akisema jengo fulani halina kazi, tuulize kwanza nani yumo ndani.

Hatusemi majengo ya zamani yaachwe yaanguke. Mji unakua, na kiwanja cha katikati kinaweza kuwa soko, maktaba au hospitali. Lakini kabla ya tingatinga kuingia, mkaaji ana haki ya kuuliza mambo matatu. Hati ya kuondoa kiwanja katika kazi ya umma iko wapi, na nani aliitia sahihi? Kitakachojengwa kitamfaa nani? Na waliolala humo wataenda wapi, kabla ya kubomoa, si baada?

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jengo la 30 Juni lingali letu sote. Lile lililofungwa mtaani kwenu nalo ni lenu, mpaka mwonyeshwe hati.