Bei ya Mwenyeji: Punguzo Linavyozidi Kukonda, Kutoka Serengeti Hadi Bembea za Mjini

Leo siongelei mastaa wala nani kaachana na nani. Leo naongelea dirisha la tiketi.

Likizo iliyopita nilibeba watoto sita wa ukoo kutoka Chitete, tukalala Tunduma, alfajiri tukapanda basi kwenda jiji moja kubwa. Kuna sehemu ya michezo ya watoto huko, ina mabembea, vigari vya kugongana na bwawa lenye mteremko. Jina naliweka kapuni. Miaka ya nyuma niliwahi kupita pale, kibao kilikuwa kinasema Mtanzania analipa nusu, siku zote. Kwa hiyo nikapiga hesabu yangu ya nusu, nikaweka na ya chipsi, nikaona tunatoboa.

Kufika dirishani, dada akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, mnatokea wapi?" Nikajibu kwa kujiamini, "Songwe, Wilaya ya Momba." Akasema, "Basi nyie ni wageni." Nusu imekufa. Siku hizi punguzo ni kidogo tu, ni la wakazi wa jiji hilo, Jumatatu mpaka Alhamisi, sikukuu haihusiki, na lazima uonyeshe kitambulisho. Nyuma yangu kulikuwa na baba mmoja, mkazi halisi wa pale pale, kaja na mapacha wake. Yeye kitambulisho cha Taifa anacho. Wakamwambia kila anayeingia kwa punguzo aonyeshe chake. Jamani, kitambulisho cha NIDA ni cha kuanzia miaka 18! Mapacha wana miaka tisa. Yule baba alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalipa bei kamili. Sisi tuliingia watoto wanne kwanza, wawili nikabaki nao nje tukila mahindi ya kuchoma, baadaye wakabadilishana sare za furaha na machozi. Mlinzi aliona, akageuza uso. Mungu ambariki.

Tangu siku ile nimekuwa najiuliza: hivi hii "bei ya mwenyeji" ilitoka wapi, na kwa nini kila mwaka inakonda?

Turudi nyuma kidogo. Enzi za mkoloni hakukuwa na bei ya mwenyeji kwa sababu mwenyeji hakuhesabiwa kama mteja. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 ikagawanywa: upande wa Ngorongoro ukawa eneo la watu na wanyama pamoja, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishiwa huko. Fikiria hilo vizuri. Mtu wa kwanza kujua kila kisima cha nchi ile alitolewa nje, kisha geti likajengwa. Baada ya uhuru zikaongezeka nyingine, Mikumi na Ruaha mwaka 1964, Katavi mwaka 1974, na majirani zetu Kitulo, ile bustani ya maua ya juu kule milimani, mwaka 2005. Geti sasa lilikuwa la kwetu, bendera ya kwetu. Hapo ndipo swali likaja: huyu mwananchi mwenye mali, alipe shilingi ngapi kuiona mali yake?

Jibu la serikali lilikuwa la heshima, nakubali. Raia alipe kwa shilingi, na kidogo. Mgeni alipe kwa dola, na nyingi. Miaka ya 2000 Mtanzania mzima alikuwa anaingia hifadhini kwa Sh 1,500. Ndiyo, elfu moja na mia tano. Baadaye ikapanda, Serengeti ikawa Sh 10,000 na hifadhi nyingi za kawaida Sh 5,000. Mtoto akawekewa Sh 2,000, na mdogo wa chini ya miaka mitano bure. Wakati huo huo mgeni wa Serengeti alikuwa analipa dola 60. Ukiweka kwenye kikokotoo, punguzo letu bado ni kubwa mno, hata Disneyland hawalioni kwa ndoto.

Lakini sasa ndipo ujanja wa punguzo ulipo. Punguzo huwa haliuawi mchana kweupe, linanyofolewa pembeni. Julai mosi 2016 huduma za utalii zikaanza kutozwa VAT ya asilimia 18. Elfu kumi ikawa 11,800, elfu tano ikawa 5,900. Hakuna aliyetangaza kwamba bei ya mwenyeji imepanda, na kweli haikupanda, ni kodi tu iliyokaa juu yake. Gari nalo lina ada yake getini. Na kutoka Chitete mpaka Serengeti ni zaidi ya kilomita elfu moja, nauli, kulala, kula. Ukifika mwisho unakuta tiketi ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye safari. Ni kama kupewa kifuniko cha sufuria bure halafu sufuria ununue.

Ndiyo maana mimi hucheka nikisikia watu wa mijini wanasema Watanzania hatupendi utalii wa ndani. Sisi wa njia ya Tunduma tumetalii Mikumi kuliko wao! Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapasua hifadhi ile katikati. Basi linapunguza mwendo, abiria wote upande mmoja, konda anapiga kelele "twiga kushoto!", mama mmoja anaamsha mtoto, "amka umuone tembo." Madereva wa malori ya shaba wanaoshuka Dar wameona nyati wengi kuliko maprofesa. Lile ndilo punguzo pekee ninalolijua la asilimia mia, na halina siku za sikukuu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, mwenyeji. Kwenye jedwali la ada la TANAPA watu wamegawanywa makundi matatu: mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki, mgeni anayeishi nchini kwa kibali, na raia wa Afrika Mashariki. Yule wa kibali Serengeti alikuwa akilipa dola 30, nusu ya mgeni wa kuja na kuondoka. Sisi na wenzetu wa Jumuiya tuko kundi moja. Kongo walijiunga na Jumuiya mwaka 2022, Somalia wakafuata. Kwa hiyo mtu wa Kinshasa, ambaye Bahari ya Atlantiki iko karibu naye kuliko Tunduma, kwa jedwali lile ni mwenyeji mwenzangu.

Lakini Zambia haimo kwenye Jumuiya. Mnaotoka huku mmeshanielewa. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliochorewa mstari, unavuka kwa miguu kununua sukari. Wanyamwanga wako pande zote mbili, misiba tunazikana, mahari tunapelekeana. Nina shangazi Nakonde. Siku akitaka kuja kuona maua ya Kitulo, yeye ni mgeni wa dola pamoja na Mjerumani na Mjapani, wakati mimi mpwa wake naingia kwa shilingi. Nilipomweleza alinitazama, akasema, "Mwanangu, mstari huo ulikuja wakati babu yangu analima pande zote mbili." Sikuwa na la kujibu. Nikamwongezea chai.

Huu ujanja si wa Afrika peke yake. Disneyland ya California, mama wa sehemu zote za michezo, ilifunguliwa Julai 1955, na kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola moja. Michezo ulikatia tiketi zako humo ndani, zikiwa kwenye kitabu chenye herufi, na herufi E, iliyokuja 1959, ndiyo ilikuwa ya michezo mikali. Mfumo huo ukaondolewa mwaka 1982, ukawa unalipa mara moja unacheza vyote. Kwa majirani wa Kusini mwa California kukawa na bei zao, na ujirani unapimwa kwa namba ya posta: kuanzia 90000 hadi 93599 wewe jirani, ukizidi hapo pole. Wakawa na pasi za mwaka za bei nafuu. Polepole pasi zile zikaanza kuota siku zisizohusika, mara Jumamosi, mara likizo za shule, mara wiki ya Krismasi. Januari 2021, katikati ya korona, pasi za mwaka zikafutwa zote, na Agosti ikaja aina mpya inayodai uweke nafasi kabla hujaenda. Tiketi ya siku moja kwenye siku za msongamano imeshapita dola 200. Kwa hiyo yule mama wa Anaheim anayesikia fataki usiku kutoka kitandani kwake, na foleni za magari anazila yeye, ana malalamiko yale yale ya yule baba wa mapacha. Tofauti ni kiyoyozi tu.

Na karibu zaidi, Kenya. Oktoba mosi 2025 KWS walianza ada mpya. Raia aliyekuwa akiingia Nairobi National Park kwa shilingi 430 za kwao akatakiwa alipe 1,000. Amboseli na Nakuru ikatoka 860 kwenda 1,500. Mgeni naye alipanda Nairobi kutoka dola 43 mpaka 80. Angalia hapo uone kitu: mgeni hakufika hata mara mbili, mwananchi kapita mara mbili. Wenye hifadhi wana hoja yao, askari wanalipwa, magari ya doria yanakunywa mafuta, na bei zilikuwa zimekaa miaka mingi. Siipuuzi. Lakini familia ya watu watano wa Nairobi wanaotaka kumuona faru Jumapili wanapiga hesabu kwa shilingi za mfukoni, hawapigi kwa uwiano na dola.

Turudi nyumbani, maana la nyumbani ndilo linaloniuma. Mkoa wetu una kivutio ambacho dunia inakijua: Kimondo cha Mbozi. Chuma kilichotoka angani, urefu kama mita tatu, uzito unaokadiriwa tani 16. Vitabu vinaandika kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi Mzungu. Kugunduliwa! Masimulizi ya huko yanamtaja mhunzi aliyelifikia jiwe zamani kabla yake, akaligonga kwa nyundo kujaribu kupata chuma cha majembe. Yule mhunzi ndiye mtalii wa kwanza wa Songwe, aliingia bure na akatoka na mikono inauma. Hivi sasa kiko kwenye uangalizi, kina geti, kina ada, na raia analipa kidogo kuliko mgeni. Bei ya geti sina ugomvi nayo kabisa. Ugomvi wangu ni kwamba katika mfumo huu wa raia na asiye raia hakuna mstari ulioandikwa "jirani". Bibi aliyelima pembeni ya jiwe lile maisha yake yote ni raia tu, sawa na mtu aliyeshuka na ndege kutoka Dar.

Halafu kuna la Ivuna, ambalo wengi hata hapa Momba hawalijui. Tarehe 16 Desemba 1938 kilidondoka kimondo Ivuna, kule kwetu kwenye chumvi, upande wa Ziwa Rukwa. Hakikuwa chuma, kilikuwa kijiwe cheusi laini, na vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja, ni gramu kama 705. Wanasayansi wanakigombania kuliko dhahabu, kwa sababu kimebeba udongo wa tangu jua letu linaundwa, na kundi zima la vimondo vya aina yake limepewa herufi ya kwanza ya Ivuna. Mwaka 2008 makumbusho ya historia ya asili ya London yalinunua kipande chake kikubwa. Na kuingia kwenye makumbusho hayo, wadau, ni bure. Kwa Mwingereza, kwa Mjapani, kwa Mzambia, kwa mtu wa Chitete. Hakuna anayekuuliza dirishani unatokea wapi. Kinachobaki ni viza na nauli.

Nilimsimulia mzee mmoja wa Ivuna habari hizi, tumekaa kwenye benchi la duka. Nikamwambia jiwe lenu liko Ulaya, linatazamwa bure. Akanyamaza muda mrefu, akachora chini kwa fimbo.

"Sasa," akasema, "wao walilipa shilingi ngapi kulichukua?"

Wale watoto sita bado wananidai nusu ya siku ya bembea. Nane Nane nawapeleka Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Pale wanatoza kwa kila bembea, unalipa mchezo unaoupenda, unaacha usioupenda, na hawaulizi kitambulisho. Kama kuna mdau anazijua bei za mwaka huu, anitupie hapo chini mapema, nianze kuweka akiba.